Bima Ikilipa, Siri ni ya Nani?

Ukitaja Kiganjo mbele ya Mkenya yeyote, kinachomjia akilini ni gwaride. Si kiwanda cha maziwa cha KCC, si reli ya Nanyuki, wala ile baridi ya Mlima Kenya inayopenya hadi kwenye mifupa. Ni makurutu waliosimama wima, macho mbele. Hapo ndipo vizazi vya polisi wa nchi hii vimefundishwa kutii amri, kulenga shabaha na kushika sheria. Kuna pia somo ambalo haliwi kwenye ratiba ya chuo chochote cha askari, na bado kila mtu huhitimu nalo: jikaze.

Sasa chukua huyo mhitimu, miaka kumi baadaye, umwambie: afande, mwajiri wako ana bima, na bima italipia vikao vya therapi. Nenda kwa kaunsela ukafungue roho. Ataenda?

Wengi wetu tukiulizwa hivyo tunakimbilia hesabu. Na kweli hesabu ipo. Kikao cha saa moja katika kliniki ya kibinafsi kinameza maelfu ya shilingi, na hakuna anayepona kwa kikao kimoja. Konstebo mwenye karo ya watoto na mkopo wa Sacco hawezi kutoa hizo pesa mfukoni kila wiki. Bila bima, mjadala umeisha kabla haujaanza. Lakini hata bima ikiwepo bado kuna maswali mawili ambayo pesa haiyajibu: anayelipa analipa kama nani? Na akishalipa, amenunua nini?

Tuanze na la kwanza. Kuna lugha fulani maofisini, ati kampuni "inatusaidia" na mambo ya afya ya akili. Bima ya kazini si hisani. Ni sehemu ya ujira, ila umelipwa kwa sura nyingine. Kwa polisi hoja hii ina uzito zaidi, kwa sababu kidonda chenyewe mara nyingi kimetoka kazini. Afisa akivunjika mguu akimfukuza mwizi, hakuna anayesema serikali imemfadhili kwa kumfunga plasta. Kwa nini basi yule aliyeokota maiti za ajali barabarani mwaka baada ya mwaka, akarudi nyumbani kula ugali kama kawaida, aonekane anaomba upendeleo akitaka mtu wa kumsikiliza? Hilo ni deni, na anayelipa deni hana haki ya kudai shukrani, wala kuchungulia.

Na hapo tunaingia kwenye swali la pili. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Shida ni kwamba hapa kata ina mwenyewe. Ankara ya kliniki hubeba jina lako, tarehe na mara nyingi jina la ugonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la data nyeti, na hilo ni jambo jema. Ila sheria haijui kambi ya polisi ilivyo: ukuta mwembamba, jirani ambaye pia ni mwenzako wa zamu, na bosi anayeuliza ulikuwa wapi Jumanne. Hapa Nyeri tuna kejeli yetu. Ukisikia fulani amepelekwa Mathari, unauliza kwanza: ile ya Wakonsolata hapa mjini, au ile ya Nairobi? Wa kwanza anapelekewa matunda. Wa pili anapewa jina.

Tena polisi ana jambo ambalo mhasibu hana: bunduki. Akimwambia kaunsela kwamba anafikiria kujiua, kaunsela anyamaze? Nadhani hapana. Siri ya kikao ina mpaka, na mpaka huo ni uhai, wake na wa watu walio karibu naye. Tumesoma habari za kutosha za maafisa waliowapiga risasi wake zao, wenzao, kisha wao wenyewe. Lakini kinachopaswa kuvuka mlango ni sentensi moja tu: huyu asikabidhiwe silaha kwa sasa. Sababu haivuki, wala hadithi ya utotoni. Na kunyang'anywa silaha kusigeuke kunyang'anywa cheo. Mradi afisa anajua kwamba kusema ukweli kutamgharimu nyota ya bega, hatasema, na bunduki itabaki mkononi mwake. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo, lakini mtu hawezi kulaumiwa kwa kuficha mahali ambapo asiyeficha ndiye huumbuliwa kwanza.

Kumbuka pia kwamba kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Fikiria basi askari aliyewahi kujaribu: kumwambia mtu kulikuwa kukiri kosa ambalo yeye mwenyewe alipewa pingu za kulikamatia wengine.

Najua kuna msomaji ambaye amekunja uso tangu mwanzo. Alikuwa mjini tarehe 25 Juni 2024. Alikimbia moshi, au alimzika rafiki. Anauliza: kodi yangu ilipe therapi ya aliyetupiga risasi? Swali hili si la kupuuzwa. Jibu langu ni kwamba therapi si msamaha. Chumba cha kaunsela hakichukui nafasi ya mahakama, na aliyeua anapaswa kushtakiwa awe amelala vizuri usiku huo au la. Lakini siku ya maandamano yajayo mtu fulani atasimama mbele yako na bunduki, na mimi naona afadhali awe mtu anayejua kilicho ndani yake.

Kuna hatari nyingine ambayo inanisumbua zaidi: therapi ya kunoa panga. Mwajiri anakutengeneza ili urudi kukata palepale. Ndiyo maana kaunsela anayelipwa na mwajiri lazima awe huru kusema kwamba ugonjwa hauko kwa mtu huyu pekee. Uko kwenye zamu zisizoisha, kwenye amri zenyewe, na kwenye chumba kilichogawanywa kwa pazia ili familia mbili ziishi. Jopokazi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, lililokabidhi ripoti yake mwaka 2023, liliundwa kuangalia maslahi ya hao hao polisi. Vikao vya therapi visitumike kuisahaulisha kazi hiyo.

Wewe unayefanya kazi benki au kwenye shirika fulani Nairobi, swali ni lako pia, ukitoa bunduki. Tumia bima, ni jasho lako. Lakini kabla ya kikao cha kwanza uliza: ankara itaandikwa nini, nani ataisoma, na kaunsela alichaguliwa na nani. Ukijibiwa kwa kigugumizi, umejibiwa.

Na Kiganjo, ningependa kurutu aelezwe mambo haya wiki ile ile anayofundishwa rejista ya silaha: nani alichukua bunduki, saa ngapi, alirudisha na risasi ngapi. Hiyo lazima ijazwe, na mkubwa aisome. Aambiwe pia kwamba kuna mlango mmoja kambini ambao hauna rejista ya kusomwa na mkubwa, na aonyeshwe ulipo.