Unaombea Mlango Upi?

Wapendwa, ombi ninalosikia zaidi kwenye maombi ni hili: "Pasta, niombee mlango ufunguke." Mlango wa kazi, wa karo, wa biashara. Ni ombi zuri.

Lakini Kiswahili kimelipa neno hili kazi nyingi. Lango ni la ua au mji, mlango ni wa nyumba. Mlango pia ni ukoo. Tena macho, masikio, pua, ulimi na ngozi tunaviita milango ya fahamu. Na Daudi, katika Zaburi 141:3, anataja mlango wa midomo. Ona, haombi ufunguliwe. Anaomba Mungu auwekee mlinzi!

Mimi nilisomea biashara. Fundi akisemwa vibaya kwenye grupu ya WhatsApp, hata kama ni uongo, wateja wanahepa. Watoto wanarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Kumbe mwenzako anakesha akiombea mlango ambao mdomo wako ndio umeufunga!

Wiki hii, kabla hujaomba wako ufunguliwe, linda huo wa midomo. Na kama kuna jina umeharibu, rudi kwenye grupu hiyo hiyo ulisafishe. Amina.