Hana Alibaki Nyumbani



Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya kwanza, twasoma kwamba Elkana alipopanda kwenda Shilo kutoa dhabihu ya kila mwaka, Hana hakufuatana naye. Alitaka kwanza amwachishe mtoto ziwa. Nadhiri alikuwa nayo, na desturi ya jamaa ilikuwapo, lakini alibaki, naye mumewe akamwachia afanye aonavyo vyema. Wahubiri hulipita upesi jambo hili. Sisi twataka kulikalia kidogo, maana katika mitaa yetu mama anyonyeshaye haachiwi hata siku moja.

Wengi huuliza kwa kunong'ona: je, ugonjwa waweza kupita katika maziwa ya mama? Sisi tuliofundisha walimu miaka mingi twajua kwamba swali la kunong'ona hujibiwa na asiyejua, kwa hiyo na lijibiwe kwa sauti. Naam, waweza, lakini ni magonjwa machache. Malaria haipiti humo, wala mafua. Kifua kikuu huambukizwa kwa kikohozi. Mama hupewa dawa, mtoto hupewa kinga, na kunyonya huendelea. Na habari ya kubemenda, kwamba mtoto amedhoofika kwa sababu wazazi wake walikutana kabla hajaachishwa ziwa, haimo katika maziwa kabisa. Mtoto yule pengine ana utapiamlo au anahara, na siku ambazo jamaa hukaa wakimhukumu mama yake zingetosha kumfikisha zahanati.

Kinachopita kweli ni virusi vya UKIMWI. Mama asipotumia dawa, kati ya watoto 100, watoto 15 hadi 45 huambukizwa, wengine tumboni, wengine wakati wa kuzaliwa, wengine kwa kunyonya. Mama akimeza dawa za kufubaza virusi kila siku, na mtoto akapewa yake ya maji tangu kuzaliwa, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2016 kwamba mama wa namna hiyo anyonyeshe: miezi 6 maziwa yake tu, kisha pamoja na chakula hadi miezi 12 au hata 24 na zaidi, mradi asiache dawa.

Hayo "maziwa yake tu" ndiyo magumu. Mwaka 1999 watafiti wa Durban, Afrika Kusini, walitangaza kwamba watoto waliochanganyiwa maziwa ya mama na vyakula vingine mapema waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya tu. Sasa tazameni nyumba zetu. Mtoto ana miezi miwili, analia usiku. Bibi aleta uji mwepesi, shangazi aleta dawa ya mchango, jirani asema maziwa ya huyu mama ni mepesi mno. Wote wana upendo. Mama akikataa, ataulizwa sababu, na sababu hawezi kuitaja. Basi anyamaza, uji unanyweshwa. Tena wageni wakija kulala, hamezi vidonge vyake siku mbili, tatu, asije akaonekana.

Mama huyo huketi nasi kanisani, nasi humpongeza kwa mtoto mnono.

Twawasihi akina bibi, nasi tumo katika hesabu hiyo: mkwe akisema mtoto hapewi kitu mpaka miezi 6, tuitikie tu. Watoto wote hufaa kulelewa hivyo, wa mama mzima na wa mama mgonjwa, hivyo hakuna la kuulizia. Tukikuta kichupa cha vidonge chini ya mto, tukirudishe palipo, wala kisitajwe hata kwenye maombi ya Umoja wa Akina Mama. Nanyi akina baba, siku ya kliniki fuataneni na mke, mkapimwe wote wawili. Elkana alipanda Shilo mwaka ule bila Hana, na ibada ilifanyika.