Wiki Mbili tu za Baga na Chipsi

Wazulu 20 wa vijijini KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walikubali kuacha vyungu vyao kwa wiki mbili. Walikuwa wazima. Saratani ya utumbo mpana, ambayo kwa Wamarekani weusi ilikadiriwa wakati huo kuwapata watu wapatao 65 katika kila 100,000 kwa mwaka, kwa watu wa vijiji hivyo haikufika 5. Walizoea gramu 66 za nyuzinyuzi kwa siku, na mafuta yaliwapa asilimia 16 tu ya nguvu ya chakula chao. Wakapikiwa kimarekani, baga na chipsi, nyuzinyuzi zikaporomoka hadi gramu 12 na mafuta yakapanda hadi asilimia 52. Wakati huohuo, Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh walilishwa kwa mtindo wa Wazulu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015.

Mtu akila mafuta mengi, ini humwaga nyongo zaidi ili kuyasaga. Sehemu ya nyongo hiyo hufika utumbo mpana, na humo wamo bakteria wanaoigeuza kuwa asidi zinazodhuru ukuta wa utumbo. Wamo pia bakteria wema, wanaochachusha nyuzinyuzi na kutoa butireti, chakula kikuu cha seli za ukuta huo. Kwa Wazulu wale butireti ilipungua kwa nusu, utumbo ukapata mchochota, na seli zake zikaanza kuzaliana kwa kasi ya kutisha. Wamarekani walipata nafuu: butireti iliongezeka zaidi ya maradufu, zile asidi mbaya zikapungua kwa asilimia 70.

Jaribio halikutenganisha mafuta na nyuzinyuzi. Sahani zetu nazo hazitenganishi: chipsi zikiingia, maharage na mchicha hutoka. Huniuma kumsikia mzazi akijivunia kwamba wanawe hawagusi maharage, kana kwamba hiyo ni dalili ya maisha mazuri.

Na asiseme mtu kwamba hayo ni ya Wazulu. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanaume 77 wa mkoa wa Kilimanjaro. Wa vijijini waliohamishiwa chakula cha kimagharibi kwa wiki mbili waliongezeka uzito, dalili za mchochota zikapanda katika damu, na seli zao za kinga zikalegea mbele ya vimelea. Mchochota wa namna hiyo ukidumu huandaa njia ya kisukari na maradhi ya moyo. Wa mjini waliorudishwa kwenye mboga, kunde na vyakula vingine vya asili walipungukiwa na mchochota, na hata waliokunywa kinywaji cha ndizi zilizochachushwa kwa wiki moja walionyesha nafuu.

Wanaume hao wa Kilimanjaro walipimwa tena wiki nne baada ya jaribio kwisha. Baadhi ya mabadiliko, mema kwa mabaya, yalikuwa bado yamo mwilini.