Kilio Kisicho na Kaburi

Neno: Mwanzo 37:31–35

Ndugu wapenzi katika Bwana, na hasa ninyi walimu na wazee mnaoingia nyumba za wafiwa:

Katika Neno hili twamwona mzee Yakobo ameketi, na kanzu ya mwanawe mikononi. Mwili hakuuona, kaburi hakuchimba, wala hapana mtu aliyekuja kumwambia kwamba alikuwapo kijana alipokata roho. Anayo kanzu tu, nayo ina damu. Watoto wake wote, wanaume kwa wanawake, walikuja kumpoza moyo, lakini hakukubali. Alisema kwamba kilio hiki atashuka nacho hata kwa wafu. Na tukihesabu miaka ya Yusufu kama Maandiko yanavyoitaja, tangu alipokuwa na miaka 17 hata baba alipopata habari zake katika mwaka wa pili wa njaa, twaona ya kuwa Yakobo aliomboleza kadiri ya miaka 22.

Sisi tukaao Mafia twalifahamu jambo hili upesi. Njia zetu ni maji. Kutoka Kilindoni kwenda Nyamisati ni bahari. Kutoka Utende kwenda Chole, Juani na Jibondo ni bahari. Na riziki ya nyumba nyingi yatoka baharini. Mtu huondoka alfajiri na nyavu zake, au huenda dago kwa siku nyingi, kusi ikavuma kwa nguvu, chombo kisirudi. Pengine huokotwa ubao au dumu la maji, na pengine hakiokotwi kitu.

Afaye kitandani huoshwa, huvikwa sanda, hupelekwa kaburini. Watu hutupa udongo kwa mikono yao, huketi matanga, na siku zikitimia matanga huondolewa. Mambo hayo si desturi tupu. Ni kama ngazi ambayo mfiwa huishuka daraja moja moja mpaka akakanyaga chini. Lakini aliyepotelewa na mtu baharini hana hata daraja ya kwanza. Akilia, aona kana kwamba yeye mwenyewe ndiye anayemwua mwanawe. Asipolia, watu husema amemsahau. Mashine ya mashua ikilia usiku, huinuka kitandani kusikiliza. Miaka hupita, nguo zingali zimetundikwa, na hata neno hili, marehemu, hakubali litamkwe mbele yake.

Wala si Mafia peke yake. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu. Wengi walizikwa pamoja huko Igoma, na wengine hawakutolewa majini. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Miili iliyopatikana ilipita 190, na waliopotea wasionekane tena walikuwa wengi kuliko hao. Kila mmoja wao alikuwa na mtu aliyemngoja nyumbani.

Wenye elimu nao wamelichungua jambo hili. Mwanamke wa Marekani, Pauline Boss, alianza kulifundisha katika miaka ya 1970, baada ya kuziangalia jamaa za askari waliopotea katika vita vya Vietnam. Alionyesha kwamba msiba usio na hakika ni mgumu sana kupoa, na kwamba ugumu huo watoka katika msiba wenyewe, si katika udhaifu wa mfiwa. Na katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, imo sasa huzuni isiyopoa: mtu humtamani marehemu mchana na usiku, kwa muda upitao miezi 6 na kuzidi desturi ya watu wake na dini yake, hata asiweze kazi wala kukaa na wenzake. Hesabu zilizokusanywa mwaka 2017 zilionyesha kwamba katika watu wazima 10 waliofiwa kwa vifo vya kawaida, kadiri ya mmoja huingia katika hali hiyo; na waliofiwa kwa ajali au kwa jeuri ni wengi zaidi.

Basi, ndugu, tufanyeje tuitwapo katika nyumba ya namna hii?

Kwanza, tusimkemee mfiwa. Wako wasemao kwamba Mkristo aliaye sana hana imani ya ufufuo. Maneno hayo ni rahisi kwake ayasemaye, kwa maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bwana wetu alijua atakalomfanyia Lazaro, hata hivyo alilia machozi (Yohana 11). Naye Martin Luther, aliyewafundisha watu wengi kufa katika Kristo, alifiwa na binti yake Magdalena mwezi wa Septemba 1542, mtoto wa miaka 13. Alijua ya kuwa mtoto yu katika mikono ya Mungu, akashukuru kwa hayo. Na pamoja na shukrani hiyo yeye na mkewe Katharina walilia kwa uchungu mwingi, wala hakuwaficha rafiki zake. Mtume Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Yako mambo mawili hapo, nasi tusiyachanganye.

Pili, tusimdanganye. Angalieni ni nani waliokuja kumtuliza Yakobo. Miongoni mwao walikuwamo wale wale waliomwuza Yusufu na kuichovya kanzu katika damu ya mbuzi. Walikaa karibu na baba yao wakimpa pole, na ukweli wameufunga vinywani. Faraja ya namna hiyo haiingii moyoni. Hata leo wako waganga waiambiao nyumba ya msiba kwamba kijana hakufa, amechukuliwa msukule, na wakitoa mbuzi na fedha atarudishwa. Nyumba hufilisika, na jeraha hufunguliwa upya kila mwezi. Lakini na sisi wahubiri tujihadhari. Yusufu alikuwa hai, na baba yake alimkumbatia tena. Hayo Mungu aliyatenda kwa kusudi lake. Wala hakutuahidi kwamba kila aliyepotea atatokea mlangoni. Tukiahidi asiloahidi Mungu, tumekuwa kama waganga, ijapokuwa tumeshika Biblia. Tumwambie mfiwa lile tulijualo, na tusilolijua tukiri mbele yake ya kuwa hatulijui.

Tatu, tuangalie kilio kisigeuke kisasi. Katika kisiwa cha Juani zimesimama hata leo kuta za mji wa Kua. Wazee husimulia kwamba watu wa Kisimani walijenga jahazi, wakawaalika watu wa Kua siku ya kulishusha. Wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani na kulipitisha jahazi juu yao. Watu wa Kua hawakusema neno. Walingoja miaka, uchungu wao wakaufunika. Ndipo nao wakawaalika watu wa Kisimani arusini, wakawaweka katika chumba cha chini ya nyumba. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja wa kuwazungumza wageni, na mlango ukajengwa kwa mawe. Mzee yule alikubali kufa pamoja nao.

Kama mambo hayo yalitukia vivyo hivyo au sivyo, mafundisho yake ni ya kweli. Huzuni iliyofungiwa ndani haifi. Hujenga ukuta, na ajengaye huachwa humo pamoja na adui yake. Katika siku zetu kisasi chaja kwa njia nyingine. Kijana akizama, hutafutwa aliyemloga. Mara jina la bibi mzee fulani hunong'onwa kisimani, naye huishi kwa hofu katika kijiji alichozaliwa. Mwalimu asikiaye mnong'ono huo asinyamaze. Na aende kwa mfiwa, akae naye, amwache aseme hasira yake yote, hata hasira aliyo nayo juu ya Mungu, kama Ayubu alivyosema yake. Afadhali hasira isemwe mbele ya Mungu kuliko kutupwa juu ya kichwa cha mjane.

Nne, tumpe mfiwa mahali pa kulilia. Katika 2 Samweli 21 twasoma habari za Rispa, aliyeketi juu ya mwamba akizilinda maiti za wanawe, mchana ndege na usiku wanyama, tangu mavuno hata mvua. Mfalme Daudi aliposikia hakumkemea. Alikwenda akaikusanya mifupa ya nyumba ya Sauli, ikazikwa kwa heshima. Jirani zetu Waislamu huwa na sala ya maiti asiyekuwapo, wala haiwapasi Wakristo kuwa maskini kuliko hao. Mwili usipopatikana, na lihubiriwe Neno vivyo hivyo. Jina la ndugu litajwe kanisani, watu waimbe, na wakitaka, waweke jiwe au msalaba wenye jina lake, ili mama awe na mahali pa kwenda. Lakini jambo hilo tusimharakishe. Tumwulize, tungoje, tumwulize tena. Siku ya kukubali ni yake, si ya wazee wa kanisa.

Na baada ya matanga tusimwache. Siku tatu nyumba hujaa watu, na mwezi wa nne hapana apigaye hodi. Ndipo mzigo unapozidi. Akiwa hali chakula, halali usingizi, au asema yafaa amfuate marehemu, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na apelekwe hospitali. Kumpeleka huko si kupunguza sala. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu.

Tano, tumkumbushe walio hai. Yakobo alimlilia Yusufu hata akamshika Benyamini asimwachilie, na njaa imeingia nyumbani (Mwanzo 42). Mama amliliaye mmoja angali na wengine, nao wamngoja awatazame. Tumwambie neno hili kwa upole, nasi tukiwa tumewaletea watoto hao unga.

Ndugu, Mungu hakumwacha Yakobo katika miaka ile 22, ijapokuwa Yakobo hakumwona wala hakusikia faraja. Naye hawaachi wanaoitazama bahari. Katika Ufunuo 20 imeandikwa kwamba bahari nayo itawatoa wafu waliomo ndani yake. Wako vitabu vingi vyenye majina ya waliozikwa, lakini wasiozikwa Mungu hakuwasahau. Awajua mahali walipo, chini ya mkondo na nyuma ya miamba, na siku ile atawaita kwa majina yao. Mpaka siku hiyo, na tukae pamoja nao wangojao.

Amin.