Bei Nzuri ni ya Nani?

Mfukoni nilikuwa na shilingi 100,000 taslimu. Kijana wa boda, tuliyekutana karibu na Muliro Gardens, Kakamega, aliitaka hiyohiyo laki moja kwa Boxer yake.

Ushauri niliupata mapema: kagua cheni na tairi, washa injini ikiwa baridi, hakikisha logibuku ina jina lake, usionyeshe umeipenda. Kisha taja bei ya chini na unyamaze.

Kwenye duka la pikipiki mpya taslimu yangu haikumshtua mtu. Mkopo wa kulipa kila siku unawaletea faida zaidi. Lakini huyu kijana mama yake alikuwa amelazwa, na bili inapanda kila usiku. Nikasema 80,000.

"Boss, ongeza kidogo tu."

Nikanyamaza, kama nilivyofundishwa. Akakubali.

Kubageni si dhambi. Mama mboga akisema 50 anajua utasema 30, na msipoelewana, kila mtu anaenda zake. Haki iko hapo: wote wawili mnaweza kukataa. Huyu hangeweza. Mdomo ulikuwa wake, lakini iliyosema "sawa" ni ile bili.

Jioni, tukihamisha umiliki kwa eCitizen, nikamtumia 10,000 kwa M-Pesa. Marafiki wanasema nilikuwa mjinga. Mimi nashuku kitu kibaya zaidi: kwamba nilikuwa nanunua usingizi wangu, na hata huo nikaupata kwa nusu bei.