Biblia Mikononi mwa Mtawaliwa: Suala la Deni la Kimaadili katika Riwaya Mbili za Ngugi wa Thiong'o

Kuhusu mchango wa Ukristo katika kuzaliwa kwa taifa la Kenya, wahakiki aghalabu hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaoihesabu misheni kuwa mlezi wa utaifa, kwa kuwa ilifundisha kusoma na kuandika; na wapo wanaoiona kuwa mkono wa kuume wa serikali ya kikoloni. Pande zote mbili zina ithibati, lakini zote zina kasoro moja: humchukulia Mwafrika kuwa chombo cha kutiliwa, si mtu mwenye hiari. Swali la kimaadili ni hili: je, mtawaliwa anayelitumia neno la mtawala kujikomboa ana deni kwa mtawala huyo?

Mwaka 1929, Misheni ya Kanisa la Skotlandi na baadhi ya misheni nyingine katika nchi ya Wagikuyu ziliwataka waumini waikane tohara ya wanawake. Wengi walikataa, wakayahama makanisa na shule za misheni. Biblia hawakuiacha. Katika miaka ya 1930 walijenga shule na makanisa yao huru, wakaendelea kuyasoma Maandiko yale yale. Aliyejisomea mwenyewe aliweza kutenganisha yaliyoandikwa na yaliyosemwa na mmisionari. Hata hivyo, mgogoro huo haukumwacha yeyote akiwa safi: jamii ilidai haki ya kujiamulia, lakini dai hilo liliandikwa juu ya miili ya wanawake.

Ngugi aliliona jambo hili mapema. Katika The River Between (1965), Muthoni, binti wa mhubiri Joshua, anataka kuwa Mkristo na wakati uo huo mwanamke kamili wa kabila lake. Anakufa kwa jeraha la tohara, na kila upande unakitumia kifo chake kuulaumu mwingine. Hakuna anayejishughulisha na alichokitaka. Waiyaki naye, msomi wa Siriana, anajiona mkombozi aliyetabiriwa; lakini elimu anayoihubiri haina neno la kuwapatanisha watu wa Kameno na Makuyu.

Katika A Grain of Wheat (1967), Kihika anabishana na mwalimu wake kwamba Biblia haikukataza tohara ya wanawake, kisha anaiacha shule. Biblia yenyewe anakwenda nayo msituni, akiwa amepigia mistari aya za ukombozi. Hapa jibu la swali letu linaanza kudhihirika. Mbegu hailimbikizi deni kwa ajili ya aliyeitupa. Mavuno ni ya aliyelima na kupalilia. Mmisionari hakukusudia kumfundisha Kihika uasi, na tendo lisilokusudiwa halidai shukrani.

Lakini kukanusha deni si kukanusha athari. Pamoja na Kutoka na Kalvari, utaifa uliazima pia taswira ya mwokozi mmoja anayebeba mzigo wa wote. Taswira hiyo ina hatari ya kimaadili, kwani umma unaomngojea Musa hujisamehe wajibu wake. Wanakijiji wa Thabai wanamtukuza Mugo kuwa shujaa, ilhali ndiye aliyemsaliti Kihika. Siku ya sherehe za Uhuru, Desemba 1963, Mugo anasimama mbele yao na kukiri.

Ungamo hilo linafanyika nje ya kanisa, bila padre na bila ahadi ya msamaha. Tena linamgharimu Mugo uhai. Mwaka 1970, akiuhutubia Mkutano Mkuu wa Kanisa la Presbiteri Nairobi, Ngugi alijitangaza kuwa si mtu wa kanisa. Riwaya yake, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kuligeuza ungamo kuwa tendo la kiraia. Yamkini hiyo ndiyo athari ya Ukristo iliyo ngumu zaidi kwa taifa kuipokea: wimbo wa mkombozi umeimbwa na kila utawala tangu 1963, lakini walioitwa jukwaani kusifiwa, wakasema ukweli dhidi ya nafsi zao, ni haba.