Huruma ya Kungoja

Mjamzito akiumwa tumbo, wengi husema: ni mambo ya mimba, avumilie. Usemi huo una sababu. Kichefuchefu na kutapika ni kawaida yake. Hata chembechembe nyeupe za damu, ambazo kwa mwingine zingeashiria maambukizo, kwake huongezeka zenyewe. Basi kidole tumbo hupata pa kujificha.

Daktari naye husita kumpasua, akimwogopea mtoto. Lakini je, kungoja ndiko kumhurumia? Kidole tumbo kikipasuka, hatari ya mimba kutoka huwa kubwa mara kadhaa kuliko kikiondolewa mapema. Mwaka 1908 daktari Babler wa Marekani alikwisha kuonya kwamba kinachoua hapa ni kuchelewa. Nasi (nadhani ni udhaifu wa binadamu wote) madhara ya kisu twayahesabu kuwa yetu, na madhara ya kungoja kuwa ya Mungu.

Sisemi kila tumbo lipasuliwe. Upasuaji usio wa lazima nao huihatarisha mimba. Ndiyo maana huanza altrasaundi, na penye mashine ya MRI hupigwa picha isiyo na mionzi ya eksirei. Pasipo na hayo, mama na daktari huamua gizani, na saa zinakwenda.